Walinzi wa Shuka Jeupe

Pale Chuno, ubavuni mwa duka la ushirika, palikuwa na benchi lililopigwa kwa mbao za makasha ya bandarini. Mbao zenyewe zilikuwa bado na maandishi ya kuomba zishikwe kwa uangalifu, ombi ambalo hakuna makalio yaliyopata kulizingatia. Kila baada ya alasiri waliketi hapo watu wanne kunywa kahawa na kuiendesha dunia. Alikuwepo Selemani, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuhitaji betri. Filipo, tarishi wa mahakama, aliyeitwa Hakimu na akaitika. Na Shabani, aliyeitwa Bombei, mji ambao meli yake iliukaribia sana kabla haijageuza. Wa nne, Abdallah, hakuwa na jina la utani, maana alikuwa mjomba, na kwa watu wa huku mjomba si jamaa tu, ni cheo. Alikuwa na dada wawili, Zuhura na Sharifa, wote watu wazima na wadogo kwake, na mtoto wa dada haposwi mpaka mjomba akae mkekani atamke neno. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi; kesho yake, Ijumaa, wageni wa Naliendele walikuwa wanakuja kumposa Amina, binti wa Zuhura. Naye Abdallah alikuwa hajakanyaga kwa Zuhura mwaka mzima, kwa sababu ya picha.

— Gari la sinema limeshafika Lindi, alisema Selemani. Jumamosi liko kwetu. Picha mpya, ila stelingi ni yuleyule.

— Yule mwenye mashoto? aliuliza Shabani.

— Huyohuyo. Safari hii anapigana na simba. Simba wawili, mmoja mzee.

— Nani kakuambia?

— Mimi siambiwi, bwana. Mimi napata.

Abdallah alijisogeza kwenye benchi. Neno hilo, mashoto, lilikuwa limemkalia kooni kama mwiba wa changu.

Mwaka uliopita gari la sinema lilipokuja, vijana walifunga shuka jeupe kati ya nguzo mbili za goli, mashine ikawekwa kwa mbele, na kina mama na watoto wakatandika mikeka. Abdallah alikuwa ametangaza mapema kwamba mtu mwenye dada zake hakai nao kitako kutazama mwanamume na mwanamke wakifukuzana kwenye maua. Heshima itakuwa wapi? Kwa hiyo yeye na wenzake watatu walichukua fimbo, wakazunguka nyuma ya shuka, kwenye mashamba ya mihogo, wakasema wako doria. Ruvuma haiko mbali, na Mreno yuko ng'ambo. Walilinda pale tangu picha inaanza mpaka inakwisha, na kwa kuwa macho hayana pazia, waliiona yote, pamoja na nyimbo zake.

Kulikuwa na ndugu wawili katika picha ile. Baba yao alipokufa, mdogo alimpa kaka yake maji ya kunywa kwa mkono wa kushoto. Kesho yake Abdallah alikwenda kula kwa Zuhura, akalifanya jambo lile kuwa somo: mdogo wa namna hiyo ni wa kulaaniwa. Zuhura, akimimina mchuzi, akasema maji yalitolewa kwa mkono wa kulia. Abdallah akasema wanawake hutazama kwa machozi. Zuhura akasema yeye alitazama kwa macho. Hapo mjomba akaacha tonge sahanini, akaapa kwamba hatarudi katika nyumba ile mpaka dada yake aseme kushoto.

— Kaniita muongo, alisema sasa, kwa mara ambayo benchi lilikuwa limeacha kuihesabu. Mimi, niliyemshika mkono kumpeleka chuoni kusoma Kurani.

— Mkono upi? aliuliza Selemani.

— Usinichekeshe, Redio.

— Jambo lenyewe liko wazi, alisema Filipo, akikaa kama mtu aliyevaa joho. Mashahidi wanne tuliona kushoto. Mahakamani hiyo kesi imekwisha. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Hiyo inahusu nini hapa?

— Inahusu mkono.

Shabani alipuliza kahawa yake.

— Nyie hamjasafiri, ndiyo shida. Bombei watu wote wana mashoto. Mkono wa kulia ni wa pilipili, ukishika kitu kingine unaunguza wenzako. Kinyozi kushoto, fundi cherehani kushoto. Hamkuliona lile gari la stelingi? Usukani upande wa kushoto.

— Nililiona, alikiri Filipo.

— Sasa nchi nzima izae watu wa kushoto kwa bahati?

— Kumbe uliingia mjini Bombei? aliuliza Selemani.

— Niliuona kutoka melini. Mji mkubwa huonekana vizuri kwa mbali.

— Hamna kitu hapo, alisema Selemani, na akashusha sauti, jambo alilolifanya tu alipotaka asikiwe mpaka barabarani. Hilo ni la Mreno. Ana mitambo ng'ambo ile. Picha zikipita hewani usiku, yeye anazipindua. Leo mdogo anampa mkubwa maji kwa kushoto. Kesho tunasalimiana kwa kushoto. Keshokutwa nchi imekwenda, na risasi haijalia hata moja.

— Picha hazipiti hewani, zinakuja na gari.

— Na gari linapita wapi, chini ya ardhi?

Filipo alifikiri, kisha akaipenda hoja ile kuliko alivyotaka.

— Sasa naelewa. Yale maandishi ya mwanzo yalinishinda. Mimi, mtu wa darasa la nane la mkoloni, ninayebeba mafaili ya Kiingereza kila siku. Hata neno moja. Kilikuwa Kireno kile.

— Umeona?

Abdallah alizisikiliza hoja hizo zikirundikana upande wake, na ajabu ni kwamba kila moja ilimzidishia uzito badala ya kumpunguzia. Nyumbani kwake kanzu ilikuwa imekwisha kupigwa pasi. Hakuwaambia wenzake. Alikuwa anamfikiria Amina, aliyemfundisha mwenyewe kubangua korosho zilizochomwa bila kuunguza vidole, na wageni wa Naliendele waliovaa vizuri, wakikaribishwa na mkeka usio na mjomba. Wangekunywa maji, wakaaga. Na huko kwao wangesema binti yule hana mwenyewe.

— Kwa hiyo kesho? aliuliza, kama mtu anayeulizia bei ya dagaa.

— Ukienda, umekubali kulia, alisema Filipo.

— Nisipoenda?

— Usipoenda umeshinda.

— Nimeshinda nini?

Filipo aligeukia kikombe chake.

— Mkono usioweza kuukata, ubusu, alisema Shabani.

 

— Tukutane katikati, alisema Selemani. Zuhura aseme ulikuwa kushoto kidogo. Mtume mtu.

Hakukuwa na haja ya kutuma, maana Sharifa alikuwa anatokea kwenye kona ya duka, kanga imemkaa begani sawasawa. Wanawake hupita mbali na benchi lile kama wapitavyo mbali na siafu. Yeye alikuja moja kwa moja.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Kaka, dada kanituma.

Filipo alikohoa, akakaa wima. Selemani alimkonyeza Abdallah: limekwiva. Abdallah naye aliona mwaka mzima ukimrudia kwa faida.

— Sema, mdogo wangu.

— Tusogee pembeni kidogo.

— Semea hapahapa. Hawa ni ndugu, hatufichani.

— Mbele yao?

— Mbele yao.

Sharifa aliwatazama mmoja mmoja, kama mwenye nyumba anayehesabu wageni na maandazi.

— Haya. Dada anauliza, usiku ule wa picha, mlikuwa mnamlinda nani?

— Namna gani, tulikuwa tunamlinda nani? Adui yuko ng'ambo, nasi tulikuwa doria. Kila mtu anajua.

— Ng'ambo ni kule, kaka, mlikokuwa mmekupa mgongo. Shuka lilifungwa juu ya nguzo, halikufika chini. Sisi tuliokaa mbele tuliiona miguu yenu tangu wimbo wa kwanza. Miguu minane, na vidole vyote vimeelekea kwetu. Mlikuwa mnamlinda nani?

Shabani aliivuta miguu yake chini ya benchi, polepole, kana kwamba ni ya mtu mwingine.

— Lakini mkono, alisema Abdallah. Mkono niliuona, Sharifa. Kwa macho yangu haya.

Sharifa hakubishana. Alishika pindo la kanga yake, akaligeuza, akamsogezea Filipo upande wa ndani, pale ambapo rangi ilikuwa imepenya.

— Nisomee, kaka Filipo.

Filipo aliinama. Alisogeza macho, akayarudisha. Herufi zilikuwa zimejipanga kinyume, za mwisho mwanzoni, kila moja imewapa kisogo.

— Kireno, alisema kwa sauti ndogo. Kilekile.

Sharifa aliligeuza pindo upande wa nje, maneno yakasomeka kwa Kiswahili, akalitengeneza begani. Abdallah alitazama ile kanga, kisha viganja vyake mwenyewe, kimoja baada ya kingine.

— Dada anasema hivi, aliendelea Sharifa, na sasa sauti yake ilikuwa ya nyumbani. Hatasema kushoto, kwa sababu si kweli. Wala hatasema mlitazama picha kwa nyuma ya shuka, kwa sababu wewe ni kaka yake. Usiku uleule aliwaomba wanawake wote waliokaa mbele wasilitaje, na hawajalitaja. Mimi ningetaja. Yeye kakataa. Wageni wanafika kesho baada ya swala. Nimpelekee jibu gani?

Selemani alifungua mdomo. Abdallah alimwekea mkono gotini, ukafungwa.

— Mwambie atandike mkeka.

— Ameutandika tangu asubuhi.

Abdallah alisimama, akajipangusa kikoi, akatangulia. Hakuaga, na Sharifa alimfuata kwa nyuma kidogo, kama inavyompasa mdogo, akiwa ameuma midomo asicheke. Hawajafika kwenye kona, Abdallah akasikia benchi likizungumza tena, kwa sauti ambazo hakupata kuzisikia pale.

— Mkeo alikuwepo mbele, Hakimu? aliuliza Selemani.

— Alikuwepo. Wako?

— Alikuwepo.

— Amewahi kukuambia kitu?

— Hajasema. Wako?

— Wangu pia hajasema.



— Mimi, alisema Shabani, alikuwepo mama mkwe.

Muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake kuuliza nani anaongeza. Aligonganisha tena. Hakuna aliyenyoosha mkono, wa kulia wala wa kushoto.