Vanila Isiyojitangaza

Ndani ya treni, kinyozi alikumbatia chupa ya bia ya rangi ya dhahabu aliyompikia baba mkwe. Pembeni yake shemeji yake alikuwa akicheka. "Bia ya mwaka jana ilinukia vanila kama keki, shemeji. Baba mpaka leo anauliza mishumaa iko wapi."

"Safari hii nimeloweka ganda moja tu la vanila, nikalitoa mapema. Nimeonja kila siku."

"Kila siku? Basi ulimi wako umeshazoea, hauna habari tena. Lete!"

Akapiga funda, akafumba macho. Serikali husahau ahadi zake kabla ya jioni, lakini wakwe hawasahau ladha mbaya.

"Unaisikia vanila?" kinyozi akauliza.

"Naisikia nini?"

Kinyozi hakujua ashangilie au alie. Treni ikasimama, na baba mkwe alikuwa pale stesheni, gilasi mkononi.