Bi Lorna Hetland na Ugomvi wa Jozi na Magunzi

Ijumaa ya tarehe 30 Agosti 2019, Bi Lorna Hetland atavua aproni yake katika karakana ya Wimmer, hapa Lewistown, Montana, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kung'arisha maganda ya risasi. Alipoajiriwa alisema anatafuta kibarua cha kumvusha kipindi cha baridi tu. Inaelekea baridi ile ilikuwa ndefu.

Kwa wanaotujua kwa maboksi yetu madukani tu: sisi huchukua maganda ya shaba yaliyokwisha kupigwa, tukayasafisha, tukayatia fataki ya kuwashia, baruti na kichwa kipya. Uchafu huficha ufa, na ganda lenye ufa humpasukia mwindaji usoni. Kwa hiyo kila kitu huanzia chumbani kwa Lorna, kwenye pipa linalozunguka, na kwa swali moja: humo pipani, pamoja na maganda, utie nini?

Lorna alikuwa mtu wa jozi, yale matunda ya kokwa ngumu. Vifuu vya jozi vilivyosagwa, alisema, vina meno. Vinakwangua masizi upesi. Dell Kovach, mwenzake wa chumba, alikuwa mtu wa magunzi ya mahindi. Yeye alidai jozi inasafisha kama mtu anayeoga bila sabuni, na kwamba mng'aro wa kweli hutoka kwenye gunzi. Lorna alimjibu kwamba gunzi linakwama kwenye tundu la fataki, na kwamba mtu mwenye muda wa kuchokoa kila tundu kwa msumari aajiriwe kwa daktari wa meno. Waligombana hivyo miaka nenda rudi, wakila mkate wao kwenye benchi moja. Sisi wengine tulijua kwamba Lorna akienda likizo Dell huchanganya gunzi kwenye jozi, na kwamba Lorna akirudi hujifanya haoni.

Mwaka mmoja mzigo wetu wa jozi ulikwama kwenye theluji. Lorna akakimbilia duka la wanyama wa kufugwa, ambako jozi iliyosagwa huuzwa kama matandiko ya mijusi, akanunua magunia yote. Muuzaji, kwa heshima, akauliza mjusi mwenyewe ana ukubwa gani. Lorna akamwambia ni mkubwa, anakula shaba, na usiku ananguruma. Hadi leo dada yule humuulizia hali ya mjusi.

Kisha Dell akaanza kubadilika. Kichwa kilimuuma, mikono ikatetemeka, na mzaha wake ukageuka ukali. Tulidhani ni uzee. Daktari akampima damu, akakuta madini ya risasi kupita kiasi. Hayakutoka mbali: fataki zilizolipuka huacha vumbi lenye madini hayo, jozi na magunzi hulinyonya, na Dell ndiye aliyekuwa akiyachekecha ili kutenga maganda, milango imefungwa kwa ajili ya baridi. Lorna naye alipimwa. Yake yalikuwa juu pia, ingawa si kama ya mwenzake.

Mzee Emmett Wimmer, mwenye karakana, aliona Dell ahamishiwe kwenye kufunga maboksi, feni iongezwe, na kazi iendelee. Msimu wa kuwinda ulikuwa unakaribia na jozi ndiyo iliyotujengea jina. Lorna alikwenda ukutani, akazima pipa.

"Emmett, jozi nimeitetea kama mwanangu wa kumzaa," alisema. "Sasa imemtia Dell sumu. Nikimweka mwingine pale, naye akiumwa tutamhamishia wapi?"

Emmett akaagiza mapipa ya kuoshea kwa maji.

Njia mpya ilikuwa maji, sabuni ya vyombo, unga wa limau na sindano fupi za chuma kisichoshika kutu. Vumbi halipandi, uchafu unatoka na maji, nayo tunayakusanya yakatupwe panapostahili. Lakini majaribio ya kwanza yalimtoa Lorna machozi. Alizidisha limau, shaba ikatoka ya waridi kama shavu la mtoto. Sindano mbili zilijibana ndani ya ganda, akasimamisha kazi yote hadi kila ganda likaguliwe upya kwa taa. Tulichelewesha maagizo, na wateja wawili wakatukimbia. Mmoja alirudi.

Siku aliyoridhika na kazi, alimpelekea Dell ganda moja nyumbani, alikopumzishwa hadi damu isafike. Lilikuwa safi nje, ndani, hadi tunduni. Dell aligeuzageuza.

"Kwa hiyo jozi imeshindwa," alisema.

"Na magunzi yako yameshindwa vilevile, mzee. Kalale."

Dell alirudi kazini majira ya kuchipua, damu yake imeshuka, ugomvi wake umepanda. Sasa wanabishania sabuni.

Lorna, wapo watakaokukumbuka kwa mng'aro wa kazi yako, na wana haki. Sisi wa chumba kile tunakushukuru kwa jambo ambalo halitiwi kwenye boksi: tunaingia asubuhi, tunavuta pumzi, na hatuifikirii. Kapumzike vizuri, uwe na siku njema nyingi, na Dell anauliza Jumamosi utamfuata mtoni kuvua samaki saa ngapi.