Mwalimu Silveria Gatakaa Njeru (1978–2025) na Magari Aliyounda na Wanafunzi Wake

Familia ya Mzee Kobia wa Maua na familia ya Gachoki wa hapa Kanja zimeniomba mimi, Kagwiria, mdogo wake marehemu, niwasomee habari za maisha yake. Nimeandika yale ninayoyajua, na yale niliyoambiwa wiki hii na watu waliofika nyumbani kutufariji.

Silveria Gatakaa alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1978, nyumbani kwetu karibu na Maua. Alikuwa mtoto wa kwanza wa hayati Mzee Kobia na Mama Kananu. Kaka yetu Murungi alimfuata, kisha mimi. Baba alikuwa dereva wa pikapu ya miraa. Gatakaa alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, springi ya pikapu ilivunjika, akaandamana na Baba hadi kwa fundi. Alikatazwa kutazama ule moto wa kuchomelea. Alitazama. Jioni macho yalivimba yakafumbika kabisa, na Mama akamlaza siku mbili na vipande vya viazi vibichi machoni. Siku ya tatu alirudi kwa fundi kuuliza kwa nini chuma kinashikana.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1992 na wa kidato cha nne mwaka wa 1996. Baba alitaka awe mwalimu wa shule ya msingi. Fomu ilinunuliwa na ikajazwa. Gatakaa akamwambia, "Baba, nitafundisha nikishajua kitu cha kufundisha." Mwaka wa 1998 alijiunga na chuo cha ufundi mjini Embu kusomea kazi ya kuchomelea vyuma. Darasa lilikuwa la watu ishirini na wanane, na msichana alikuwa yeye peke yake.

Kuanzia 2001 hadi 2009 alifanya kazi Thika, katika kiwanda cha kuunda mabodi ya mabasi na malori. Huko kila fundi alikuwa na namba yake, na alipomaliza kuunga chuma aliigonga hiyo namba kando ya kiungo. Kitu kikivunjika, walitazama namba. Alipoanza kufundisha katika chuo kimoja karibu na Manyatta, Januari 2010, alikuja na utaratibu huo.

Alifunga ndoa na Bwana Njeru Gachoki, mkulima wa kahawa, Jumamosi tarehe 11 Desemba 2004. Wazee wa Embu walipofika kwetu kuposa, mmoja aliuliza bibi arusi anafanya kazi gani. Akajibu mwenyewe kwamba anachomelea vyuma. Walidhani anatania. Asubuhi ya pili baada ya harusi, mama mkwe wake alimkuta amevaa ovaroli, anapima lango la boma la ng'ombe lililokuwa limeng'oka bawaba. Mama mkwe alimletea chai hapo hapo langoni. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mukami na Gachoki.

Mwaka wa 2015 alianzisha kikundi cha wanafunzi wa kuunda gari la mashindano. Vyuo mbalimbali hukutana Nairobi kila mwaka, kila kimoja na gari dogo la mtu mmoja, na mshindi ni gari linalokwenda mbali zaidi kwa lita moja ya petroli. Wanafunzi walitaka kushinda. Gatakaa alitaka wajue kazi ya kiwandani ilivyo: kuchora, kupima, kukata, kuunga, kukaguliwa, na kukubali kurudia. Aliwaambia, "Kule hakuna atakayekuuliza ulipata alama ngapi. Atakuuliza, hii ni kazi ya nani?"

Habari ninayosoma sasa sikuijua hadi Jumatano iliyopita, tulipokuwa kwenye maombi ya jioni. Ndugu Munene, mwanafunzi wake wa zamani, alisimama akaisimulia.

Mwaka wa 2018 walifanya kazi miezi kumi, na gari lao lilikuwa bora kuliko yote waliyowahi kuunda. Ijumaa tarehe 5 Oktoba, saa tisa mchana, siku moja kabla ya mashindano, Gatakaa alilikagua mara ya mwisho uwanjani. Akaona ufa wenye urefu wa njiti ya kiberiti, pale usukani unapoungana na fremu. Kando yake paligongwa namba nne. Namba nne alikuwa Munene.

Kanuni hazikuruhusu kuchomelea chochote uwanjani. Munene alimwambia, "Madam, hiyo ufa ni kama unywele tu. Tukipaka rangi, nani ataona?"

"Mimi nimeona," akasema.

Beverlyne, msichana aliyekuwa dereva wa gari hilo, alianza kulia. "Madam, wacha niendeshe tu. Si ni mimi nitakuwa ndani?"

"Ndiyo maana haliendi."

Alikwenda kwenye meza ya waamuzi akaliondoa gari. Walirudi Embu usiku huo, gari likiwa nyuma ya lori. Mkuu wa chuo alidai maelezo kwa maandishi. Munene anasema barua ilikuwa na mstari mmoja: "Gari lilikuwa na ufa, nikaliondoa." Wanafunzi wawili walihama kikundi. Kwa majuma kadhaa alipoingia karakana, mazungumzo yalikatika.

Munene hakurudi chuoni. Jumatano iliyofuata Gatakaa alimtafuta hadi nyumbani kwao, akamkuta shambani anachuma kahawa.

"Madam, umekuja kunifukuza?"

"Nimekuja tuangalie ulikosea wapi. Nimekibeba."

Alikuwa amekikata kile kiungo kutoka kwenye gari, amekitia katika mfuko wa karatasi. Walikaa chini, akamwonyesha kwamba chuma hakikusuguliwa vizuri kabla ya kuungwa, kutu ikabaki ndani. Munene alikiri kwamba siku ile alikuwa na haraka. Gatakaa akamwambia kwamba na yeye alikuwa na kosa, kwa sababu alipaswa kukikagua kiungo hicho mapema na hakufanya hivyo. Kisha akasimama, akachuma kahawa pamoja naye mpaka kikapu kikajaa. Hakumwomba arudi. Alhamisi Munene alirudi.

Februari 2019 mtu mmoja alipiga simu chuoni. Alikuwa mmoja wa waamuzi wa siku ile, na kazi yake ilikuwa kusimamia mafundi katika kiwanda cha mabasi. Alisema anataka vijana wa mafunzo ya kazini. Mkuu wa chuo alipomuuliza anataka wa darasa gani, alijibu, "Wale wa gari iliyoondolewa." Walichukuliwa watatu. Munene leo ndiye anayekagua viungo vya mabasi kabla hayajapakwa rangi. Beverlyne anasimamia mtambo katika kiwanda cha mabati. Wamenihesabia waliopita katika kikundi hicho na sasa wako viwandani: ni ishirini na saba. Wengi wako hapa, wamesimama pale kando ya ua.

Dada yangu hakutuambia haya. Tulipouliza kazi inaendeleaje, alisema inaendelea.

Mwezi wa Novemba 2023 alianza kusumbuliwa na chakula kukwama kooni. Kwanza githeri, kisha ugali, mwishowe akawa anakunywa uji tu. Tarehe 20 Februari 2024 madaktari walisema ni saratani ya umio. Alitibiwa kwa mionzi na kwa dawa. Familia inawashukuru wauguzi, na kanisa lililokuja kila Ijumaa.

Aliendelea kufundisha hadi Septemba. Sauti ilipokwisha, alikaa kwenye kiti cha plastiki karakanani, blanketi magotini, akatumia chaki. Kiungo alichokitia alama kilirudiwa. Mwaka huo gari lilikuwa la umeme, la kwanza la chuo hicho, na tarehe 5 Oktoba 2024 lilimaliza la nne kati ya magari kumi na manne ya umeme. Walimpigia simu. Njeru alimshikia simu; Gatakaa akasikiliza, akaandika kwenye karatasi ili mumewe awasomee: "Mmefika salama wote?"

Mwalimu Gatakaa alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba na siku mbili. Mukami alikuwa akimpangusa mikono. Njeru alikuwa mlangoni. Mimi nilikuwa njiani kutoka Maua. Niliambiwa nilipofika Embu mjini. Nilikuwa nimepanga kununua mkate, nikaingia dukani nikanunua mkate, kisha nikaja.

Ameacha mume, Bwana Njeru Gachoki; watoto, Mukami na Gachoki; mama mzazi, Mama Kananu; mama mkwe wake; ndugu, Murungi na mimi Kagwiria; pamoja na wapwa, walimu wenzake na wanafunzi wake.

Nimeambiwa kwamba mwishoni mwa habari kama hizi watu huandika kuwa ameacha pengo lisiloweza kuzibika. Sijaandika hivyo. Bado sijajua ni kubwa kiasi gani. Asubuhi ya leo nilichukua simu nimuulize kama habari hizi zimekaa sawa, na jina lake lilikuwa limeshatokea kwenye kioo ndipo nikakumbuka.

Bwana ampokee, ampe pumziko na amani.