Shingo ya Mwanamke wa Kisimani

Wapendwa, nawasalimu nyote, hasa nyinyi mlioketi kando ya dirisha, maana saa hii jua limewapaka nyuso rangi ya bluu na hamjui. Ndiyo, chekeni. Ni hilo dirisha limenileta hapa mbele.

Mimi ni fundi wa vioo vya rangi, naishi Sarang'ombe, kule Kibera. Kazi hii nilijifunzia hapa Kawangware, pamoja na dada mmoja, rafiki yangu, ambaye simtaji jina. Wazee wa kanisa walipotaka dirisha, walituambia kila mmoja alete mchoro. Mimi nikachora msalaba na miale iliyonyooka. Yeye akachora mwanamke Msamaria kisimani, na foleni ya mitungi ya manjano kama hii yetu ya Kibera. Wakachukua wake.

Ndugu zangu, nawaambia, wivu ni ugonjwa. Chakula kilinikataa. Niliacha kukata vioo, karakana ikabaki imefungwa, mke wangu akauza mandazi ndio watoto wapate kula. Na kila Jumapili nilitembea kutoka Kibera mpaka hapa. Mlidhani naja kuomba? Nilikuja kutafuta ufa. Mkifumba macho, mimi yangu yalikuwa wazi, naomba mvua ya mawe.

Kilichoniuma zaidi ni ile shingo. Iangalieni, imepinda, na ni kipande kimoja. Kioo hakipendi kupinda, hupasuka. Mimi nilikuwa nakata mistari iliyonyooka tu, nikiwaambia watu ndiyo staili yangu. Uongo! Mkunjo ulikuwa umenishinda.

Jumapili moja baada ya ibada nikapanda juu ya benchi niikague kwa kidole. Nikasikia nyuma yangu, "Sasa, fundi. Unatafuta nini huko juu?" Ni yule dada.

"Ufa," nikasema. Sijui kwa nini sikudanganya.

"Umepata?"

"Sijapata." Machozi yakaanza kunilengalenga, mwanaume mzima. "Hii shingo uliikata aje?"

"Kwani hujui?"

"Sijui."

Hakunicheka. Akasema, "Nilivunja nyingi kabla ya hiyo. Usijaribu kuikata mara moja. Chukua koleo, umege kidogo kidogo, kama ugali moto. Kuja kesho nikuonyeshe."

Nikaenda. Siku hiyo nilivunja vioo mpaka nikaona aibu, na yeye akazidi kuniletea vingine. Sasa karakana iko wazi, na kikanisa kimoja cha Kisumu Ndogo, huko huko Kibera, kimenipa kazi ya dirisha lake.

Namshukuru dada huyo, ambaye saa hii ameinamisha kichwa. Namshukuru mke wangu kwa uvumilivu. Wivu haujaniisha, nisiwadanganye; nikiona kazi yake jicho bado linatafuta ufa. Lakini wewe unayemwonea mwenzako wivu, pengine kuna kitu anajua na wewe hujui. Enda umuulize. Neno lenyewe ni fupi, "sijui", na mimi nilikaribia kumpoteza rafiki kwa kukataa kulisema.