Mlango Uko Wazi, Kuku Hawatoki

Saa moja asubuhi, benchi la nje ya duka la mikate lilikuwa limeshaanza kuchoma makalio. Kidogo, jitu la kilo mia na thelathini, alilikalia zaidi ya nusu. Nywele, ambaye kichwani hana hata unywele mmoja, alijibana pembeni na kahawa yake. Mbele yao alisimama Kirrily, mtoto kiunoni. Kidogo alivua kofia yake akamkinga mtoto jua nayo. Redio ilikuwa imetangaza nyuzi joto arobaini na nne mchana. Kuku kumi na wawili ambao Kirrily aliwachukua Jumamosi, kutoka shamba la kufugia kuku vizimbani lililofungwa, walikuwa bado ndani ya banda lake la bati lenye sakafu ya mbao. Nje kulikuwa na kivuli, maji na majani. Ingefika saa sita mchana wamo humo, wangekufa.

— Mlango wazi siku tatu? — Nywele aliuliza, macho yamemtoka. — Na hajatoka hata mmoja?

— Nimeuegeshea tofali kabisa.

— Kuna nyoka hapo kizingitini, — Kidogo alisema. — Wao wanamwona, wewe humwoni.

— Nimemulika kwa tochi. Hakuna kitu.

— Acha ushamba, Kidogo, — Nywele alidakia. — Ni ule mnara mpya wa simu. Mawimbi yanapita palepale mlangoni. Hata mke wangu siku hizi hatoki nyumbani.

— Mkeo hatoki kwa sababu wewe uko nje, bwana! Hao kuku wamegoma. Mwenye upanga mrefu mwekundu kichwani ndiye katibu wa chama. Kirrily, kaongee naye.

Kirrily hakucheka. Tangu jana kuku mmoja alikuwa akihema mdomo wazi.

Corazon alitoka dukani, mkate kwapani. Alikuwa ameokota mayai katika shamba lile lile miaka tisa.

— Samahani jamani, — alisema. — Kuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukanyaga udongo?

Kidogo aliacha kutafuna pai yake.

— Kuku? — Nywele alinong'ona. — Kuku asikanyage udongo?

— Wana miaka miwili, — Corazon alijibu. — Maisha yao yote ya kutaga wamesimama juu ya waya wa kizimba.

Kirrily alikumbuka kucha zao ndefu, zilivyokishika kidole chake zikakataa kukiachia. Alikuwa amedhani wanamwogopa yeye; kumbe waliogopa ardhi.

Kidogo aliinuka, akaacha pai yake ya nyama nusu.

— Twende tukawabebe. Mmoja mmoja.

Nyumbani kwa Kirrily, kivulini chini ya mti, Kidogo alimtua kuku wa kwanza kwa mikono miwili. Kuku akainua mguu mmoja kutoka vumbini, akaukodolea macho, akainua wa pili. Kisha akaganda. Kidogo akalala kifudifudi kando yake, tumbo lote mavumbini, akachakura ardhi kwa vidole vyake vinene.

— Hivi, mama. Hivi, taratibu.

Kuku alimtazama muda mrefu. Halafu akachakura, mara moja tu.

Kirrily alimpa Corazon mtoto, akakimbilia bandani. Walibaki kumi na mmoja, na bati lilikuwa limeshaanza kutoa mlio kwa joto.