Mama Chupa na Bakteria Wangu wa Unga

Tarehe 30 Juni Mama Chupa anastaafu, baada ya kuitumikia kliniki yetu ya mzio kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike mimi, mfagizi niliyeacha shule njiani, kwa sababu katika jengo hili hakuna aliyemchekesha kuliko mimi.

Alianza kwa kuosha chupa za maabara, akapanda hadi kuwa mtunza dawa za utafiti. Hajawahi kuchanganya hata chupa moja. Chupa zake hazina majina, zina namba tu. Orodha ya nani anameza nini hukaa kwenye bahasha iliyofungwa, ambayo hata yeye haruhusiwi kuifungua.

Mwaka juzi ulikuja utafiti wa bakteria rafiki, wale wanaodhaniwa kutuliza tumbo na huenda pua pia. Mimi nilikuwa napiga chafya tangu naingia kazini mpaka natoka. Msimamizi alishanionya: nikiendelea kuwasumbua wagonjwa, nifunge mizigo nirudi kwetu, ambako ni mbali, na watu wa huko wananitegemea. Nikajiandikisha mbio mbio.

Kila asubuhi kwa wiki nane Mama Chupa alinikalisha kwenye stuli yake, akanipa kidonge na glasi ya maji, akauliza, "Haya mwanangu, pua imeamkaje?" Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akaandika daftarini yote niliyosema. Wiki ya tatu chafya zikakatika. Nikawa mtaalamu! Niliacha pilipili nisiwaunguze bakteria wangu. Jioni niliwanywesha maziwa. Nilimpigia mama simu kumwambia kwamba siku hizi nafuga.

Daktari alipofungua bahasha, kumbe wiki zote nane nilikuwa nameza vidonge vya unga mtupu, vile wanavyopewa baadhi yetu ili kulinganisha na wenye bakteria. Saa moja haikupita, nikapiga chafya kumi na nne. Mama Chupa alicheka mpaka akafuta machozi. "Basi mifugo yako imekufa yote kwa aibu," akasema.

Kisha akanishika mkono hadi kwa msimamizi, akafungua daftari lake. Katika zile wiki mbili za kwanza, chafya zilizidi siku nilizofagia stoo kavu kavu. Akadai niache ufagio nipige deki, na nipewe barakoa. Nikapewa. Ndiyo maana bado nipo hapa kuandika haya.

Sasa chafya ni chache, ila nakiri: kila asubuhi bado napita dirishani kwake niulizwe. Pua huanza kuniwasha nikiwa koridoni, naye akishauliza, inatulia. Najua swali si dawa. Hata unga haukuwa dawa.

Asante, Mama Chupa, kwa kila chupa uliyoitunza. Sote hapa tunakuombea mapumziko marefu, usingizi mtamu na miguu isiyouma. Namba yangu unayo. Jumatatu, ukishakunywa chai, nipigie uulize pua imeamkaje. Unga sidai.