Mwalimu Chembe na Jibu la Kipindi cha Jumamosi

Mpendwa wetu, ambaye hata wajukuu wake walimwita Mwalimu Chembe, alizaliwa tarehe 3 Juni 1956 katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, fundi cherehani. Alikuwa mtoto wa nne. Mama yake alisema alizaliwa na wasiwasi wake: hata ziwa alilitazama kwanza kabla ya kunyonya.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Akiwa darasa la sita alifundishwa umbo la atomu, akauliza, "Nani aliiona?" Akaambiwa akapige magoti nje. Nyumbani alieleza, "Magoti nimepiga, lakini mwalimu hajanijibu." Mwaka 1980 alihitimu chuo kikuu, shahada ya fizikia.

Alifundisha sekondari kuanzia 1981 hadi 2016. Tangu Septemba 1994, kila Jumamosi saa kumi jioni, alieleza sayansi redioni kwa nusu saa. Jina la Chembe alipewa na wasikilizaji, maana kila mada aliishia kwenye chembe.

Tarehe 18 Agosti 1984 alimwoa muuguzi wa wodi ya watoto, aliyekuja kuwa msikilizaji wake wa kwanza. Kila Ijumaa alimsomea kipindi mezani jikoni, na kwa kila hoja mke aliuliza, "Hilo unalijua, au unalidhani?" Analolijua aliliandika kwa kalamu ya bluu, analolidhani kwa nyekundu. Akifika penye wekundu hewani, alisema wazi kuwa wataalamu bado wanabishana.

Ijumaa ya tarehe 13 Mei 2011 mke alikuwa zamu, na kipindi hakikusomwa. Kesho yake Mwalimu alieleza fizikia ya kwanta, ile ya chembe ndogo kabisa. Hesabu zake, alisema, hutabiri vipimo vya chembe kwa usahihi wa ajabu, ila zinatuambia nini kuhusu dunia, hapo wataalamu hugawanyika. Wapo wanaosema kupima ndiko kunakoleta tokeo moja. Wapo wanaosema matokeo yote hutokea, kila moja katika dunia yake.

Mama mmoja akapiga simu. "Mwalimu, mimi ni mpishi wa shule. Mwanangu aligongwa na lori, alikuwa na miaka tisa. Kwa hiyo kuna dunia ambayo lori halikumkuta?"

"Ipo, mama. Huko yuko hai."

"Unajua kweli?"

"Najua."

Simu ikakatika, yakaingia matangazo.

Mtayarishaji alimpongeza: "Umemfuta mama wa watu machozi!" Nyumbani mke aliuliza, "Hilo ulilisema kwa kalamu gani, baba?" Mwalimu hakula siku ile. Aliogopa kwamba mahali fulani mama yule bado anamwekea mtoto sahani. Namba ya simu haikuwa imehifadhiwa. Alizunguka majiko ya shule kumi na moja asimpate. Kila Jumamosi alitaka kusahihisha, na kila Jumamosi aliogopa kumzika mtoto yule mara ya pili. Mwenye kovu usidhani kapoa, alisema, na kipindi kikaisha mwaka 2019 neno likiwa bado moyoni.

Januari 2023 sauti ilianza kukwaruza. Machi madaktari walikuta kansa ya koo. Aliomba redio dakika tano, akapewa Jumamosi ya tarehe 15 Aprili, lakini upasuaji ukaletwa mbele hadi tarehe 12, na sauti haikurudi. Akaandika daftarini kwamba msiba wake utatangazwa redioni, wasikilizaji watakuja, na maneno yake yasomwe hapa. Dada yake alipinga: "Msiba si darasa! Mtu huzikwa na mazuri yake." Mke akajibu, "Wifi, na hili ni zuri lake." Alifariki tarehe 8 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, mke akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu watano na dada yake. Maneno aliyoyaacha ni haya:

"Mama mpishi, kama uko hapa. Nilikuambia najua, nami sikujua. Dunia nyingi ni tafsiri moja kati ya kadhaa. Hakuna aliyeithibitisha, na hata wanaoikubali hawana njia ya kumfikia aliye huko. Ulistahili pole, nikakupa jibu. Pole, mama. Ninachokijua ni kwamba mwanao alikuwepo, na alikuwa na miaka tisa. Jina lake sikukuuliza. Nilipaswa kuanzia hapo."

Familia imeketi safu ya mbele. Mama huyo akipenda kututajia jina hilo, leo au siku yoyote, tutalipokea.

Mwalimu Chembe, pumzika sasa. Wasiwasi tuachie sisi.